Shanga za Des Garrod

Desmond Garrod hakuwahi kumiliki hata ushanga mmoja maishani mwake, na bado pwani nzima ya Norfolk ilimwita Shanga. Si usoni pake, la. Watu wa kule ni wastaarabu, hukusengenya ukishafunga mlango. Jina lenyewe lilitoka katika lugha ya watazama ndege. Kwao, mtu anayedai kaona ndege ambaye hakumwona husemwa kuwa anatunga, kama atungavyo mtu shanga uzini: hapa kachomeka unyoya aliouona, pale kachomeka mkia alioutamani, mwisho ana mkufu mzuri usio na wa kuuvaa. Mwizi watamwazima baiskeli. Mlevi watamwokota mtaroni na kumfikisha kwake. Mtungaji hawamwambii hata habari za kunguru.

Des alifanya kazi kiwanda cha sukari tangu ujana mpaka mgongo ulipokataa. Alikuwa upande wa kuoshea viazi sukari, maji na matope msimu mzima wa baridi, na msimu huo ndio mabata bukini hushuka kutoka kaskazini kwa maelfu. Mkulima akishang'oa viazi huacha majani na vichwa shambani, na bata hawa huvifuata kama watu wa harusini wafuatavyo sinia. Des alizoea kusema kwamba yeye na mabata wameajiriwa na kampuni moja, ila wao wana likizo ya kiangazi. Utani huo aliutoa kila mwaka, na kila mwaka Ivy mkewe aliguna tu bila kuinua macho.

Ivy alikuwa msusi. Kichwa cha kila mwanamke wa Saltham, kijiji chao, kimepita mikononi mwake, na siri zao pia. Ndege hakuwajua wala hakutaka kuwajua. Kwake yeye kila chenye manyoya kilikuwa kuku. Lakini alimfungia mumewe mkate wenye jibini, akamjazia chai chupani, na kila Jumamosi alfajiri alimsukuma nje kabla hajamwaga matope ya viatu sebuleni. Na nje, barabarani, alikuwa akingoja Rodney Stannard na baiskeli yake.

Rodney alikuwa mpeleka barua, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Yeye na Des walianza kutazama ndege wakiwa bado wavulana wa kaptura, wakishirikiana darubini moja, jicho moja la huyu na jicho moja la yule. Rodney ndiye aliyekuwa mpambe wa Des siku ya harusi, akaipoteza pete kanisani na kuikuta ndani ya soksi. Waliitana "jirani" kama watu wote wa kule, hata wale ambao nyumba zao ziko mbali. Katika kibanda cha watazama ndege kando ya kinamasi, viti viwili vya dirishani vilikuwa vyao, na mgeni aliyekaa hapo alitazamwa mpaka akahama mwenyewe.

Sasa, huko kuna bata bukini mmoja mwenye paji jeupe, ambaye si ajabu kumwona. Lakini ana binamu yake, mdogo zaidi, ambaye mtu anaweza kuzeeka asimwone. Wanafanana kama mapacha. Tofauti yao hasa ni pete: huyu mdogo ana pete ya njano kuzunguka jicho, nyembamba kama uzi. Usipoiona hiyo pete hujaona kitu.

Des aliiona. Ilikuwa Februari, jioni, mwanga umebaki kijiko kimoja, naye yuko peke yake kibandani kwa kuwa Rodney alikuwa na mafua. Bata akatembea mpaka karibu na dirisha, akainua kichwa, akamtazama. Pete ile ikawaka. Des alipiga picha moja ya haraka, bata akaruka, giza likaingia.

Usiku ule Des alitoa habari, na kesho yake walikuja watu arobaini. Bata hayupo. Picha ikapita mkono kwa mkono. Ilikuwa na kitu cha kijivu ndani ya kijivu kingine, kama uji uliomwagika juu ya saruji. Ndipo Rodney, aliyetoka kitandani na homa yake kwa ajili ya ndege huyo, akaisema ile kauli kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto: "Jirani, mimi sioni pete. Naona shanga."

Watu walicheka. Sidhani Rodney alikusudia kuua. Alikuwa na homa, alikuwa amekatishwa tamaa, na mdomo wake siku zote ulimtangulia. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Des alichukua picha yake, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakurudi kibandani tena. Tangu siku hiyo alitazama ndege kutoka juu ya tuta la bahari, peke yake, upepo ukimpiga, na akiona kitu hakumwambia mtu. Kwa nini aseme? Rodney naye alingoja Des aje wayamalize. Des alingoja Rodney aombe radhi. Wanaume wawili wazima wakangojana hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe, na mimi nikiwaza jambo hilo hutamani kuwagonganisha vichwa.

Tunasema macho hayana pazia. Ya Des yalianza kushushiwa pazia mwaka juzi, tena kutoka katikati. Kwanza herufi za gazeti zilikunjana. Kisha likaja doa, pale pale anapokazia macho. Akitazama saa, anaona ukuta unaoizunguka; akitazama uso wa mtu, anaona nywele na kola. Daktari wa macho mjini Norwich alimweleza taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto, kwamba pembeni ataendelea kuona ila katikati ndiyo basi, na kwamba hali itazidi. Majira ya baridi haya angeweza kujaribu. Yajayo, asitegemee.

Alijifunza kutazama kwa hila. Ukitaka kuona kitu, tazama kando yake, ukiibie. Akiongea nawe alikutazama sikioni. Dukani watu walidhani kiburi kimempanda uzeeni. Ivy aliwaambia wateja wake mambo ya watu wote isipokuwa hilo, kwa sababu Des alimwapisha.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomuuma. Hakulilia gazeti wala gari aliloacha kuendesha. Alitaka kumwona tena bata mwenye pete kabla pazia halijashuka lote, ampige picha, aiweke juu ya meza ya kile kibanda, atoke bila kusema neno. Alilisema hilo mara moja, akiwa anaosha vyombo, na Ivy akamwachia sahani mikononi akaenda kusimama bustanini.

Basi ilikuwa Januari, siku ya ukungu, simu ikalia. Ivy akapokea.

"Nani? Rodney yupi? Stannard! Ebo! Nilidhani umekwisha kufa, jirani, nikasema mbona hawajanialika mazishini." Akasikiliza. Uso wake ukabadilika. "Wewe mwambie mwenyewe... Haya basi, mwoga wewe. Nitamwambia."

Akaweka simu. "Anasema kuna kuku wako kwenye shamba la Thurlow. Yule mwenye miwani."

"Pete," Des akasema. "Si miwani. Pete."

"Pete, miwani, hereni, yote mamoja. Anasema yuko humo tangu jana jioni, watu wamekwisha kumwona. Na kesho asubuhi Thurlow anaingiza trekta, analima."

Shamba likilimwa, majani ya viazi hufukiwa, na mabata huhama. Hilo Des hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa tayari anapapasa mkoba wa kamera.

Ivy aliendesha. Aliendesha kama anavyosuka, kwa nguvu na huku anaongea, na Des alishika mpini wa mlango akasali. Ilikuwa alasiri, ila kule mwezi Januari jua huchelewa kufika na huwahi kuondoka kama mgeni asiyependa chakula chako. Taa za magari zilikuwa zimewashwa. Ukungu ulilala juu ya mashamba na miti ilikuwa imekatwa miguu.

"Mwanga gani huu?" Des akauliza.

"Mbovu."

"Mbovu kiasi gani?"

"Kama maji ya kuoshea vyombo. Tena vya jana."

Magari yaliyojaa asubuhi yalikuwa yameondoka. Penye lango la shamba alibaki mtu mmoja, mrefu, amejikunja juu ya darubini yake ya miguu mitatu. Ivy akazima injini. Des akateremsha kioo cha mlango, na baridi ikaingia pamoja na sauti za mabata, mamia kwa mamia, wakila na kugombana ndani ya ukungu. Alifumba macho akasikiliza. Aliwajua kwa sauti: hawa wa miguu ya rangi ya waridi, hawa, hawa pia. Kisha kando, upande wa ua wa miti, sauti nyembamba zaidi, ya juu, mara moja tu. Ndiye.

Aliweka kifuko cha mbaazi kavu ukingoni mwa dirisha, akalaza kamera hapo ili isitetemeke, akaielekeza kwenye ile sauti. Akabofya. Akabofya tena. Kisha akampa Ivy aangalie kioo kilicho mgongoni mwa kamera.

"Unaona nini?"

Ivy alivaa miwani yake, akasogeza kamera mbali, akaisogeza karibu. "Uji," akasema.

"Uji tu?"

"Uji, mpenzi. Una madonge."

Des alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kusikia. Uji ule ule. Ndipo kivuli kikaja dirishani.

"Umekuja, jirani," Rodney akasema.

"Nimekuja."

"Hutanitazama hata leo?"

Des alimtazama sikioni, maana ndiyo njia pekee ya kuuona uso wake ukingoni, na uso ule ulikuwa umezeeka sana. Alishangaa. Alikuwa akimkumbuka kijana. "Yuko wapi?" akauliza.

"Anakuja anakwenda. Ukungu ukitanzuka kidogo namwona. Toka, njoo kwenye darubini."

Walikwenda wote wawili mpaka langoni, Des akifuata sauti ya viatu vya mwenzake kwenye matope yaliyoganda. Rodney aliinama, akazungusha, akatukana ukungu, akazungusha tena. Ivy alitoka akasimama nyuma yao na shali yake kichwani.

"Huyo!" Rodney akanong'ona. "Kainua kichwa! Des, njoo haraka, nimemweka katikati kabisa, usiiguse, tazama tu!"

Des aliinama. Jicho lake likagusa mpira baridi wa darubini. Mwanga hafifu, ukungu, vivuli vya mabata pembeni vikitikisika, shingo, mgongo, bawa. Na katikati, pale Rodney alipompanga yule bata kwa ufundi wake wote, kwa Des hapakuwa na kitu. Doa tu. Alijaribu kuiba: akatazama juu, kitu kikasogea chini, akatazama kushoto, kivuli chenye alama nyeupe kikatoweka kulia. Nyeupe, labda. Njano, hapana. Alijaribu jicho la pili. Machozi ya baridi yakamtoka, akayafuta, akatazama tena.

"Umemwona?" Rodney akauliza. Sauti yake ilitetemeka kama ya mtoto. "Ile pete, jirani. Inawaka. Umeiona?"

Neno moja tu. Aseme ndiyo, na yote yangekwisha. Rodney angekwenda kibandani kesho akatangaza kwamba wamemwona pamoja, Shanga na yeye, bega kwa bega, na hakuna ambaye angethubutu kucheka tena. Bata mwenyewe alikuwapo. Si uongo kwamba alikuwapo. Watu wazima wamesema ndiyo kwa mambo makubwa kuliko hilo, mbele ya kasisi.

"Sikumwona," Des akasema.

"Tazama tena. Wa tatu kutoka kwenye ua, karibu na lile rundo la—"

"Nimetazama, Rod. Sikumwona."

"Sema tu umemwona, basi!" Rodney akapayuka, na mabata wa karibu wakainua shingo. "Mimi ninaye! Yuko hapo hapo, nakuapia, nimekuwekea! Unataka nini zaidi? Nimesimama hapa tangu alfajiri nikikungojea wewe, miguu siisikii, nami nimekuja nikusawazishie jambo hili kabla hatujafa, na wewe unaniletea ukaidi?"

"Siwezi kusema nimeona nisichokiona."

"Haoni, wewe bwege!" Ivy akasema. Akasogea mbele, shali imemteleza. "Haoni! Katikati hakuna kitu, mwaka wa pili huu. Hujaona anavyokutazama sikioni? Nini kingine kipo sikioni mwako cha kutazama?"

Rodney alimgeukia Des, akasogea kulia, na macho ya Des yakamfuata, yakisimama kando ya uso wake, vile vile kando. Rodney akavua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia katika baridi ile.

"Nilidhani ni chuki," akasema. "Siku ile dukani. Nilikuita, ukanitazama hivyo. Nikasema, basi, hata macho hataki kuyatua kwangu."

"Mimi nilikuwa natafuta pua yako," Des akasema.

Hakuna aliyecheka. Rodney alisimama akiizungusha kofia mikononi, na nadhani ni hapo lilipomfikia, maana alianza kupumua kwa nguvu. Mtu huyu angeweza kusema ndiyo. Hakuna katika dunia nzima ambaye angegundua. Amepewa bata mkononi, na jina lake safi juu yake, na amekataa kwa kuwa hakuiona pete.

"Basi mwaka ule ulimwona," Rodney akasema polepole.

"Nilimwona."

"Mungu wangu, Des."

"Nilikwambia."

"Ulinambia." Akafuta uso kwa kofia. "Nitawaambia. Kesho hiyo hiyo nitawaambia wote, waliobaki. Na Jumamosi njoo kibandani, jirani. Kiti chako kipo. Sijamruhusu mtu kukikalia, waulize. Kila Jumamosi naweka mkoba wangu juu yake."

"Nije nifanye nini, Rod?"

Rodney alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Wakati ule mabata wakaondoka. Huondoka wote pamoja jioni kwenda kulala kwenye matope ya bahari, na sauti yao ni kama paa linaezuliwa. Walipita angani ndani ya ukungu, kundi baada ya kundi. Rodney na Ivy waliinua vichwa. Des aliinua kamera kwa mazoea, kisha akaiteremsha. Alisikiliza ile sauti nyembamba ya juu ikipita katikati ya nyingine, ikienda baharini, mpaka ilipochanganyika na kuisha.

Alikasirika. Alikuwa amengoja siku hii kama mkulima wa ukame, na imefika, na kilichomjaa kifuani ni hasira na uchungu. Miaka yote ile juu ya tuta macho yake yalikuwa mazima. Angeweza kuona unyoya mmoja kwenye shavu la ndege. Aliona mengi kule, peke yake, mambo ambayo mtu huona na kumgeukia mwenzake kwa furaha, na kila mara aligeuka akakuta upepo. Miaka ile ndiyo iliyokuwa na macho, akaigawa kwa aibu na kiburi, nusu kwa nusu, na Rodney naye akafanya vivyo hivyo akilinda kiti kitupu kwa mkoba. Nani wa kumrudishia? Rodney amerudisha kila alichokuwa nacho, maskini, na bado haitoshi.

Lakini hakusema hayo. Alinyoosha mkono, akaukosa wa Rodney, Rodney akaushika. Walishikana hivyo kitambo, kama watu wanaotoka kanisani kwenye msiba.

"Jumamosi," Rodney akasema.

"Tutaona," Des akasema, na wote watatu walilisikia neno hilo, na hakuna aliyelirekebisha.

Ndani ya gari Ivy aliwasha joto, akamfunika magoti kwa blanketi, akammiminia chai akamkunjia vidole kwenye kikombe. Mbele yao Rodney alikuwa akikunja miguu ya darubini, akiikosea, akianza tena. Giza lilikuwa limekwisha kuingia.

"Haya," Ivy akasema. "Amekuamini. Sasa umeridhika, mpenzi?"

Des aligeuka, akatazama kidogo kando ya uso wake ili apate shavu na nywele.

"Nimeridhika sana," akasema.

Ivy alikuwa hawezi kumtofautisha bata na kuku, lakini mtu anayetunga alimjua. Alimpigapiga mkono, akatia gia, akaendesha polepole mpaka nyumbani.